DOLE! Siku sita silali, mtu ananijibu kwa dole gumba

Fundi_Kodi

Wakuu leo sina salamu. Mods msiuhamishie huu uzi kule jukwaa la teknolojia, kule hapiti mtu, niacheni hapa hapa nipumue.

Kuna huyu mteja. Jina simtaji maana mnamjua, hakuna aliyewahi kuomba kazi ya kodi (hii ya kuandika programu za kompyuta, si ya TRA) kwenye haya masoko ya kazi ya mtandaoni akamkosa. Yule wa "kajaribio kadogo tu kabla hatujaanza". Mwenye picha ya boti. Ee, huyo huyo.

Kanitumia dole.

Mnajua kazi zenyewe siku hizi unaombea kwa tokeni, unanunua kama LUKU, tofauti ni kwamba LUKU ukiingiza taa inawaka. Mimi nimeingiza tokeni mwezi mzima giza totoro, tangazo halijamaliza robo saa waombaji washapita 50 na wote barua zao kaandika ChatGPT, yaani ni ChatGPT anashindana na ChatGPT sisi tunalipia tu ukumbi. Ndo mwenye boti akanijibu. Aisee nilimpigia mpaka mama kumwambia.

Simu ya video saa 9 usiku, maana yeye yuko California, kwake ndo saa 11 jioni anakunywa kitu chenye barafu. Mimi huku juu shati la kanisani, chini bukta, mbu wananichangia damu, jogoo wa jirani anawika, mteja ananiuliza hiyo alamu ya nini. Nikamwambia ni alamu ya moto. Basi akasema kajaribio. Kajaribio kenyewe: duka zima la mtandaoni, bidhaa, kapu, malipo ya kadi kupitia Stripe, na ukurasa wa meneja. KADOGO. Siku sita wakuu, umeme unakatika naenda kuchajia laptop saluni ya kike nimekaa chini ya draya, bando linaisha nakopa, nikamaliza, nikampa ruhusa ya kuingia GitHub yangu, ile stoo ya mtandaoni ninakohifadhi kodi, aivute (najua, najua, msianze), nikamwandikia maelezo marefu kama barua ya posa.

Akajibu dole. 👍 Moja. La njano. Neno hata moja hakuna, "asante" hakuna, hata dole la pili kulisindikiza lile la kwanza hakuna. Nimekaa nalitazama nikadhani labda ujumbe haujamaliza kushuka. Dakika mbili mbele tangazo limefungwa, kaajiri mtu kwa dola 15.

Jana nikapita kwenye tovuti yake. Iko hewani. Anauza vifaa vya boti, na ni kodi yangu ile ile hajagusa hata rangi. Ushahidi? Zile bidhaa za kujaribia nilizojaza mwenyewe nikiwa na njaa usiku kaziacha. Kuna nanga, kuna jaketi la kuokolea, katikati yake pameandikwa "Chapati 2 na maharage, dola 1,200. Zimebaki 7."

DOLE wakuu. Mimi hela nishasamehe, lile dole ndo linaniamsha usiku.

Mpiga_Pasi

Wa kwanza 👍

BabuWaSeva

👍

Fundi_Kodi

Endeleeni tu. Nyie ndo mnaokuja inbox kuniomba niwarekebishie simu.

DadaMtumwema

Pole mkuu ila na wewe, mkataba haujafunguliwa, hela haijawekwa na kushikiliwa na mtandao, unaandika kodi ya nini? Kazi ya bei ya kukatana huanzi mpaka uone mteja kaweka hela ya hatua ya kwanza, hili hata aliyejisajili jana analijua. Halafu umempa GitHub!! Ungempa na kitambulisho cha NIDA akamalizie.

Fundi_Kodi

Nimesema msianze.

Mpiga_Pasi

Mwache, alikuwa kwenye draya, joto lilishapanda kichwani.

Kijana wa Roysambu

Pole sana bro, lakini nyinyi watu wa Bongo mko na shida moja, mnalala na client kabla ya mahari. Huku Nairobi tulishachomeka mpaka tukazoea. Mimi nilikuwa naandikia wanafunzi wa Uingereza insha, pesa inaingia PayPal inatoka M-Pesa, tangu 2018 hatuna stress. Uingereza ikapitisha sheria 2022 kupiga marufuku kampuni za hizo insha, nikasema wacha nihamie coding. Novemba mwaka huo huo ChatGPT ikatoka. Sasa niambie kati yangu na wewe nani alipigwa dole.

DadaMtumwema

Wewe ulikuwa unawaibia wanafunzi mkuu, usijifananishe na mtu aliyechajia laptop saluni.

Kijana wa Roysambu

Sikuiba, nilisaidia. Kuna mtu Manchester ni muuguzi shauri yangu.

Mpiga_Pasi

Mungu wangu, naahirisha safari.

BabuWaSeva

Nyie watoto hamjui raha. Sisi tumeanza enzi za yale masoko ya kazi ya Elance na oDesk, kabla hazijaungana 2013. Unatuma ombi leo kesho mtu anakujibu kwa sentensi kamili, na koma anaweka. Nilikuwa naenda intaneti kafe ya Posta nalipia saa moja, natuma kazi, narudi kwangu kwa amani. Hakuna madole.

Fundi_Kodi

Babu kwani mwanzo hukunipiga dole wewe?

BabuWaSeva

Lilikuwa la pole.

Chuma_Ulete

Bora wewe umetapeliwa na mzungu wa mbali humuoni. Mimi nimemtengenezea mtu wa mtaani kwangu mfumo wa ada za shule, kanilipa nusu, nusu nyingine tunakutana kila Jumapili ibada ya pili. Ananipa MKONO wakuu. Ananishika mkono anatikisa anasema "fundi wetu huyu" mbele ya mchungaji, halafu mfumo ukigoma ananipigia saa 5 usiku. Siku hizi nasali ibada ya kwanza.

DadaMtumwema

Mfumo si ungeuzima?

Chuma_Ulete

Mwanangu anasoma hapo hapo.

Tajiri_Mtarajiwa

Nauza akaunti ya hayo masoko, nyota 5, ina kazi 43 zimekamilika, profaili ya mdada wa Poland. Inbox kwa mwenye nia, matapeli mpite mbali.

Mpiga_Pasi

Tapeli anawakataza matapeli. Mods mpo?

MamaKijacho

Mimi sijui kodi wala boti ila naomba kuuliza, chapati mbili na maharage ndo chakula cha mtu mzima? Mimi mume wangu tatu na bado anachungulia sufuria.

Kijana wa Roysambu

Inategemea size. Chapo za Bongo ni nyembamba unaona mpaka upande wa pili, huku moja inakushikilia mpaka jioni.

MamaKijacho

Weee! Yenu mnakanda na karoti na malenge, ile ni keki. Chapati inasukumwa, inapakwa mafuta, inakunjwa kama konokono, inasukumwa tena, ndo inapata matabaka.

BabuWaSeva

Hujala chapati za maji wewe.

MamaKijacho

Babu chapati za maji ni za mtu aliyekosa meza.

Fundi_Kodi

Jamani. Uzi unahusu dole.

Chuma_Ulete

Hivi ile bidhaa bado ipo kule dukani kwake?

Fundi_Kodi

Nimetoka kuangalia sasa hivi.

Zimebaki 6.

Mpiga_Pasi

ACHA.

DadaMtumwema

Kwa dola 1,200?? Mkuu unao ukurasa wa meneja, nenosiri si uliliweka wewe? Angalia anuani.

Fundi_Kodi

Hajalibadilisha. Ni mzee mmoja yuko Florida, kaandika kwenye maelezo "maharage yasiwe na pilipili".

BabuWaSeva

Sasa hela kaipata mwenye boti, chapati anatoa nani?

MamaKijacho

Mimi nasukuma hata usiku huu, ila nazi nani analeta? Na EMS kifurushi cha kilo moja kwenda Marekani Posta wanachukua bei gani, kuna anayejua?