Mjadala: Dereva wa gari la wagonjwa asomee kuokoa maisha, au abaki na usukani wake?

Mleta mada (muuguzi mkunga)

Wakuu, salaam.

Nimeona tena tangazo la ajira, nafasi ya Dereva Daraja la II. Masharti ni yale yale tuliyoyazoea: cheti cha kidato cha nne, leseni daraja C au E, awe ameendesha mwaka mmoja bila kusababisha ajali, awe na mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au chuo kingine kinachotambulika. Majukumu: kukagua gari, kupeleka watumishi safarini, matengenezo madogo madogo, kujaza daftari la safari. Ndiye huyo huyo kesho anakabidhiwa ufunguo wa gari la wagonjwa. Neno "mgonjwa" halimo popote.

Hoja yangu ni hii: ufunguo huo asipewe mtu kabla hajafunzwa misingi ya kuokoa maisha. Simaanishi awe nesi. Namaanisha mikono yake iwe na kazi gari likisimama.

Niwape kisa changu. Nilikuwa nasindikiza rufaa usiku, mama aliyejifungua saa mbili kabla, kilomita sitini na kitu za vumbi. Njiani damu ikafunguka. Nikaweka mkono mmoja ndani, ngumi, mwingine juu ya tumbo, nikaubana mji wa mimba katikati. Ukishabana hivyo huachii, ukiachia damu inarudi. Dripu imeisha, ampuli za oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, ziko kwenye kile kibebeo cha chanjo karibu na mlango, na mimi sina mkono wa tatu. Nikagonga dirisha kwa kichwa, dereva akasimamisha, akafungua mlango wa nyuma akiwa na tochi ya simu. Akaona. Akageuka akatazama porini. "Dada, siwezi kuangalia, huyo ni mama wa watu."

Simlaumu. Kalelewa vizuri. Ila nilimwelekeza kila kitu yeye akiwa amenipa mgongo: fungua kibebeo, si hicho, hicho cha bluu, vunja shingo ya ampuli, akajikata kidole, ya pili ikaanguka. Glavu hakujua zinakaa wapi, kwenye gari ambalo analilaza na kuliamsha yeye. Mama alipona, mtoto wake alikuwa miguuni pangu ndani ya khanga amelala fofofo. Mimi ndiye sikulala wiki nzima.

Nawasilisha. Karibuni.

Dereva, miaka 11 barabarani

Dada pole, na nimekusoma hadi mwisho. Sasa nisome na mimi.

Kwanza, nikija nyuma gari linaendeshwa na nani? Mgonjwa wa rufaa anahitaji kufika. Kazi yangu ni afike akiwa hai na nisimuue njiani kwa kuingia chini ya lori. Kuendesha usiku, king'ora kinalia, bodaboda hawapishi, ng'ombe wamelala kwenye lami, hiyo peke yake ni taaluma, na nayo hakuna anayenifundisha. Mngeanza hapo.

Pili, mtu akifia mikononi mwangu nitasimama mbele ya nani? Wewe una baraza lako la uuguzi, una leseni, kuna mtu wa kusema "alifuata taratibu". Mimi nitaitwa dereva aliyejifanya daktari.

Tatu, posho. Tusizunguke. Mnaongeza kazi, mshahara unabaki wa Daraja la II.

Daktari, hospitali ya wilaya

Mimi napinga kwa sababu nyingine. Tatizo si dereva, tatizo ni kiti cha nyuma. Muuguzi anang'olewa wodini akaacha wagonjwa thelathini, anapandishwa gari ambalo hajui hata mtungi wa oksijeni unafunguliwa wapi. Tunahitaji watu wawili nyuma waliosomea kazi hii, wa kusimama na mgonjwa tangu eneo la tukio hadi wanikabidhi mimi. Tukimfundisha dereva siku tano, halmashauri itasema tayari tumemaliza, na kesho itamwondoa hata huyo nesi. Wenye kubana bajeti hawakosi kisingizio.

Na nusu ujuzi unaua. Nimepokea aliyeng'atwa na nyoka akiwa amekazwa kamba gotini hadi mguu mweusi, na mfungaji alisema alifundishwa semina. Nimepokea mtoto aliyeungua uji amepakwa dawa ya meno, wakati maji safi yanayotiririka dakika ishirini yangemsaidia kuliko chochote.

Mchangiaji

Naona mnajadili dereva, majeruhi bado anaulizwa PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya kutibiwa.

Mleta mada

Huo uzi mwingine mkuu, ufungue tutakuja.

Daktari, hiyo kamba ya nyoka inaniunga mkono mimi. Aliyefunga hakufundishwa, aliambiwa. Kamba ya kubana ni ya mguu uliokatika unaomwaga damu, inakaa vidole vichache juu ya jeraha, si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe, na saa ya kufunga inaandikwa. Kwa nyoka haina kazi, huyo analazwa atulie na kiungo kisitikisike. Mtu aliyefunga kwa mikono yake mwenyewe darasani mara kumi, akakosolewa, hachanganyi haya mawili.

Na siku tano si utani. Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa kozi ya msingi ya dharura mwaka 2018, ya siku tano, na Tanzania ni mojawapo ya nchi ilikojaribiwa, pamoja na Uganda na Zambia. Imejengwa juu ya wagonjwa wa aina nne tu: aliyejeruhiwa, anayepumua kwa shida, aliyeishiwa mzunguko wa damu, na aliyebadilika fahamu. Kila mmoja unaanza naye kwa mpangilio ule ule: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha unamfunua umwangalie mwili mzima. Najua imeandikwa kwa wahudumu wa afya. Dereva hahitaji yote. Lakini huo mpangilio, na mikono, anaweza.

Kaka dereva, la nani ataendesha ndilo hasa ninalolitaka. Kukandamiza kifua ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano, na kila dakika mbili inabidi mbadilishane kwa sababu mikono inachoka bila wewe kujua. Mimi peke yangu nyuma, gari linaruka matuta, ninabadilishana na nani? Kuna mgonjwa wa kukimbia naye na kuna wa kusimama. Anayevuja damu ndani ya tumbo baada ya ajali, kanyaga mafuta, barabarani hakuna tiba yake. Aliyepaliwa, anayetapika akiwa hana fahamu, mama wa kisa changu, hao dakika tatu za kusimama kando zina thamani kuliko kilomita kumi za king'ora. Dereva asiyejua tofauti hiyo atakimbia na wote.

La posho na la kushtakiwa nakubali bila ubishi. Yaandikwe kwenye muundo wa utumishi, apewe cheti, kinga na cheo chake. Sitetei kazi ya bure.

Msomaji, Mombasa

Huku Katiba ya 2010, ibara ya 43(2), yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Maneno matamu. Oktoba 2015 Nairobi, majeruhi alikaa ndani ya ambulensi saa 18 akizungushwa hospitali baada ya hospitali, akaja kufariki. Ndani ya gari lile wahudumu walikuwa na yeye muda wote. Kwa hiyo mkimfundisha dereva, mfundisheni pia namna ya kubisha mlango wa mapokezi: aseme nini kwa sentensi tatu ili daktari ainuke kitini.

Mleta mada

Hilo sikuliwaza, na lina uzito. Makabidhiano: nani, kimempata nini, nimemfanyia nini, sasa hivi yukoje.

Niongeze moja kwa wanaosema kidato cha nne hawezi. Pittsburgh, Marekani, hadi miaka ya sitini mgonjwa alibebwa na polisi au na gari la kampuni ya mazishi. Mwaka 1967 huduma ya magari ya wagonjwa iitwayo Freedom House ikachukua vijana Weusi wa mtaa wa Hill District, wengi hawana ajira, baadhi hawakumaliza sekondari, wakafundishwa chini ya Dkt. Peter Safar, mmoja wa mabingwa wa kufufua pumzi. Walikuwa hodari kuliko waliowatangulia. Jiji likaja kuifunga mwaka 1975 likaanzisha huduma yake. Hiyo nayo ina siasa zake, tuiache.

Na hapa kwetu, mama akipiga 115 ya m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, na gari la wagonjwa halipo karibu, anafuatwa na dereva wa kijijini kwao mwenye gari lake, halafu dereva analipwa kwa simu. Huyo nyuma hana hata nesi. Je, angalau ajue kumlaza kwa ubavu wa kushoto?

Dereva, miaka 11 barabarani

Ubavu wa kushoto najua. Alinifundisha mkunga mmoja marehemu sasa, tukiwa tumekwama matopeni.

Haya. Cheti, kinga, posho. Na lile la aibu mliweke kwenye mafunzo, msilipite kama halipo. Yule mwenzangu hakuogopa damu, aliogopa kuona uchi wa mke wa mtu anayekutana naye sokoni. Mtufundishe kufunika kwanza kwa khanga, ndipo mtuite.

Mleta mada

Nimeandika. Swali la mwisho kaka: kwenye gari lako glavu zinakaa wapi?

Dereva, miaka 11 barabarani

Kwenye droo chini ya kiti cha msindikizaji, mkono wa kushoto ukifungua mlango wa nyuma.

Zimeisha tangu Jumanne.