Fedha za mafunzo: tulipe chuo kimoja au tuwape wanachama vocha?

KatibuWaVikundi

Wakuu, naomba mawazo. Mimi ni katibu wa muungano wa vikundi vya kuweka na kukopa. Wanachama wetu ni wafanyabiashara wadogo kabisa: mafundi cherehani, vinyozi, wachomeleaji, wachuuzi wa nguo. Wengi wanafanya kazi peke yao au na msaidizi mmoja. Tumepata mfadhili wa mafunzo ya biashara, na kamati imegawanyika. Wazee wanataka tuingie mkataba na chuo kimoja, watu wakae darasani wiki nzima wafundishwe kutunza hesabu. Mimi nimependekeza vocha: kila mwanachama apewe hati yake, achague mkufunzi amtakaye, na mkufunzi aje kwetu kudai malipo.

Naulizwa maswali mazito. Watu hawataziuza? Mwanachama achangie kitu au iwe bure? Na nani aseme huyu ni mkufunzi, yule siye? Aliyewahi kuwa ndani ya mpango wa namna hii anieleze.

Mpigahesabu

Katibu, kuwa macho. Vocha ni fedha, na fedha hutafutiwa njia. Mwanachama anamwachia mkufunzi hati, anapewa chochote mkononi, mkufunzi anajaza orodha ya mahudhurio, basi. Chuo kimoja ukikilipa, unajua pa kwenda kuuliza.

MhakikiMstaafu

Katibu, pole na majukumu. Kabla ya kustaafu nilikuwa nahakiki madai ya wakufunzi katika mpango wa vocha. Anachosema Mpigahesabu kipo. Nimezishika orodha zenye saini za darasa zima kwa mwandiko wa mtu mmoja. Ila sikubaliani naye kuhusu dawa yake. Chuo chenye mkataba nacho kinaweza kujaza majina hewa, na hapo mwanachama hana hata karatasi ya kumpa sauti. Kwenye vocha, asiporidhika, anaipeleka kwingine. Hiyo nguvu ya kukataa ndiyo sababu pekee ya kuhangaika na vocha. Mkiitoa, mmebaki na makaratasi tu.

Kuhusu kuuzwa: iandikwe jina na namba ya kitambulisho, iwe na tarehe ya mwisho, isihamishike. Kisha mhakiki asiishie ofisini. Mimi nilikuwa namfuata mwanafunzi kazini kwake na kumwomba anionyeshe alichojifunza. Fundi aliyefundishwa kukata kola atachukua mkasi akate mbele yako. Ambaye hakukanyaga darasani atababaika, na utajua kabla hujafungua faili.

Mchango ni lazima, hata uwe mdogo. Kenya walikuwa na mpango wa vocha kwa watu wa jua kali uliofadhiliwa na Benki ya Dunia; vocha zilianza kutolewa mwishoni mwa miaka ya 1990, na mshiriki alilipia kati ya asilimia 10 na 30 ya gharama. Mtu aliyetoa chake huuliza maswali: nitafundishwa nini, na nani, kwa saa ngapi? Lakini hapa kuna mlango wa nyuma, uzibeni mapema. Mchango ulipwe kwenu mnaotoa vocha, usilipwe kwa mkufunzi. Akiupokea mkufunzi, atausamehe ili apate majina mengi, na hapo ndipo ule mchezo wa Mpigahesabu unapoanzia.

Sasa swali la nani ni mkufunzi. Hili ndilo ningependa kamati yako ilikalie kikao kizima. Kule Kenya vocha nyingi hazikwenda vyuoni. Zilikwenda kwa mafundi wakuu, watu wenye karakana zao, ambao hapo kabla hakuna aliyewahesabu kuwa wakufunzi. Wanafundisha jioni, kwa lugha ya kazini, kwa mashine zilezile ambazo mwanafunzi atazitumia kesho. Paraguay, ambako vocha za aina hii zilijaribiwa katikati ya miaka ya 1990, pia mafunzo ya ufundi ndiyo yaliyokimbiliwa zaidi kuliko ya uongozi wa biashara. Kwa hiyo jiandaeni: mtatoa vocha mkidhani watu watakwenda kujifunza hesabu, wao watakwenda kujifunza kukata suti. Msiwakasirikie. Mshonaji anajua mteja wake anamkimbia kwa sababu gani.

FundiNaMwalimu

Mhakiki amenena. Mimi niongeze la upande wetu tunaofundisha. Nina karakana, nimewahi kupokea wanafunzi wa vocha, na kilichoniumiza ni malipo kuchelewa. Vitambaa nanunua mimi, uzi mimi, umeme mimi, halafu hati zangu zinakaa mezani kwa mtu miezi na miezi. Chuo kikubwa kinaweza kungoja. Fundi hawezi, na akiondoka yeye mmebaki na vyuo vilevile ambavyo wazee wako wanavitaka. Lipeni sehemu mafunzo yakianza na iliyobaki yakikamilika, na tarehe muiandike kwenye makubaliano. Na fomu ziwe za ukurasa mmoja, tafadhali sana.

KatibuWaVikundi

Asanteni mno. Mambo mawili bado yananisumbua. La kwanza, wazee hawatakubali kuacha hesabu kabisa, na kusema kweli hata mimi naona watu wanachanganya fedha ya biashara na ya nyumbani. La pili, sehemu nyingine za muungano wetu zina mkufunzi mmoja tu anayefikika.

MhakikiMstaafu

Kwenye hesabu, waambie wazee waangalie kinachofundishwa, maana jina la somo halitoshi. Jamhuri ya Dominika watafiti walilinganisha somo la uhasibu wa kawaida na somo la kanuni chache nyepesi, kama kutenga fedha ya biashara na ya nyumbani. Zile kanuni nyepesi ndizo zilizobadilisha namna watu walivyotunza fedha. Uhasibu wa kitabuni haukuonyesha mabadiliko ya maana. Na Togo, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuata biashara ndogo 1,500. Waliofundishwa kuthubutu, kutafuta nafasi mpya na kupanga mbele faida yao ilipanda kwa asilimia 30. Kwa waliopewa mafunzo ya kawaida ya biashara ongezeko lilikuwa asilimia 11 tu, na kitakwimu halikuweza kutofautishwa na bahati. Kwa hiyo wekeni somo fupi la kutenga fedha kwenye orodha, kwa mchango mdogo zaidi kuliko masomo mengine. Atakayelitaka atalichukua.

La pili nakujibu bila kuzunguka: palipo na mkufunzi mmoja, msitoe vocha. Hakuna cha kuchagua hapo, na mtabeba gharama za kuchapisha, kugawa na kuhakiki bure. Ingieni naye makubaliano ya kawaida, malipo yake yategemee wanaomaliza. Vocha anzeni nazo pale penye wakufunzi kadhaa ambao mtu anaweza kuwafikia baada ya kufunga kazi, hasa akina mama wenye watoto wadogo, maana umbali utawaangusha kabla ya mchango. Na kabla ya kuchapisha hata hati moja, pitieni karakana mkiuliza kila fundi swali moja: ungekuwa tayari kufundisha? Ukishapata majina hayo, rudi hapa tuyaangalie pamoja.