Naombeni ushauri: radi imezidi nguvu nyingine zote kwenye gemu yetu

Wakuu, habari za jioni. Mimi na binamu yangu tupo Kirumba, Mwanza, tunatengeneza gemu ya mapigano kwa kutumia Godot, programu ya kutengenezea gemu. Mganga anavuka visiwa vya ziwa, kuanzia Saanane hadi Ukerewe, akipambana kwa radi, moto na ukungu. Kila akimaliza kisiwa anapata pointi ya kukuza nguvu mojawapo.

Shida ni radi. Inaanza na madhara 40 kila sekunde 4, yaani 10 kwa sekunde. Kila pointi inazidisha madhara kwa 1.5, kwa hiyo ya tatu inafika 135. Mchezaji akipunguza na muda wa kusubiri hadi sekunde 2, anapata 67.5 kwa sekunde. Adui wa mwisho ana uhai mara nne tu ya yule wa kwanza, basi anaanguka upesi kuliko wa mwanzo! Ukungu, unaopunguza mwendo wa adui na ndio ninaoupenda kuliko vyote, hakuna anayeugusa.

Nafikiria kujumlisha 20 badala ya kuzidisha: 40, 60, 80, 100. Lakini hapo pointi ya tatu inaongeza robo tu, wakati ya kwanza iliongeza nusu. Naogopa mchezaji ataona hapati kitu. Binamu anataka tuongeze uhai wa maadui. Sikubali, maana atakayechagua ukungu ndiye ataumia.

Mliowahi kutengeneza gemu, mlipangaje? Na ukungu niupe madhara kidogo, au niufanye uongeze makali ya moto na radi?