Naomba ushauri: gitaa la nyuzi saba, shingo ya kwanza imepinda kama upinde

MpigaRidhimUyole

Wakuu habari za jioni. Wazee shikamooni.

Mimi ni mpiga ridhim wa kwaya huku Uyole. Mchana niko karakana kwa mjomba, tunatengeneza vitanda na milango. Mpiga besi wetu alihamia Tunduma mwaka juzi na hajapatikana mwingine, ndipo nikapata wazo la gitaa la nyuzi saba, lile lenye B nene inayoshuka chini ya E, ili nishike ridhim na besi kwa mkono mmoja. Madukani hapa Mbeya sijaliona hata moja. La kuagiza, bei yake ni ya pikipiki iliyotumika. Nikajiambia mbao ninazo, randa ninayo, mjomba ninaye.

Kosa langu nalisema mwenyewe kabla hamjanicheka. Shingo niliichonga kwa paini iliyotoka Mafinga wiki hiyohiyo, kipande kimoja, bila chuma ndani. Inachongeka kama sabuni, nikafurahi. Jumamosi nikafunga nyuzi, Jumapili gitaa likaimba, mjomba akaita majirani waje waone. Siku ya kumi na mbili nakuta kwenye freti ya 12 (vile vyuma vinavyokatiza shingo) penseli nzima inapita chini ya nyuzi. Mjomba kaniambia nirudi kwenye vitanda.

Bodi iko salama, ni ya mninga. Funguo saba za kukazia, daraja la kushikia nyuzi kwenye bodi na pikapu mbili (zile sumaku za kunasa sauti) niliagiza China kupitia wakala wa Kariakoo, vimefika vyote. Nataka kuanza shingo upya. Nitumie mti gani? Urefu wa uzi toka nati (kile kipande chenye mitaro ya nyuzi kwenye mwisho wa juu wa shingo) mpaka daraja niweke milimita 648 kama magitaa ya kawaida au 686? Halafu freti nazipangaje? Mara ya kwanza nilipima moja baada ya nyingine kwa futi ya fundi, na huko juu akodi zilikuwa zinalia kama mbuzi.

Kokoto

Sita zenyewe mmezimaliza? Hiyo ya saba ni ya kupigia sadaka?

Mtazamaji_Tukuyu

Nakaa hapa na kikombe cha chai. Picha za hiyo shingo ziko wapi jamani, mada bila picha hainogi.

BabaKitanda

Marahaba kijana. Mimi ni seremala Makambako, gitaa sijui kupiga, ila paini naijua.

Paini ya Sao Hill, huko Mafinga, haina kosa lolote. Kosa ni kuchonga mti ambao bado una maji halafu ukaufunga kamba zinazouvuta. Mbao ya unene wa inchi moja, ukiipanga kivulini na vijiti katikati hewa ipite, ihesabie mwaka mzima. Wewe umeipa siku nne. Na nyanda zetu hizi usizidharau, Machi mbao inavimba kwa mvua, Julai upepo wa baridi unaikausha mpaka viungo vya meza vinaachia. Mlango ukikwama masika unapiga randa, yameisha. Shingo ya gitaa utaipigia randa wapi?

Usinunue mbao mpya. Tafuta kitanda cha zamani cha mninga, kile ambacho bibi alipewa wakati wa harusi. Mbao za ubavuni ni ndefu, na zilishakauka tangu hujazaliwa. Mninga ukishakauka hautembei sana, ndiyo maana tunaupenda. Pasua vipande vitatu vyembamba, viunganishe kwa gundi ubavu kwa ubavu, cha katikati ukigeuze kichwa chini ili kimoja kikitaka kupinda mwenzake akikatalie. Ukitazama kwenye kichwa cha mbao, mistari ya mti iwe imesimama wima, isilale.

Na vaa barakoa unapopiga msasa. Vumbi la mninga linawasha pua na kubana kifua. Mimi nilichelewa kujua.

MpingoDamu

Wazee mnazunguka. Afanye shingo nzima ya mpingo amalize mchezo. Mti unaotengenezewa zumari za Ulaya, klarineti na obo, unaogopa nyuzi saba?

BabaKitanda

Mpingo unazama majini, kijana wangu. Shingo nzima ya mpingo itakuwa nzito mno kwa bodi yake ya mninga, akiliachia gitaa kichwa kinakwenda sakafuni. Tena umpate wapi mpingo wa mita moja ulionyooka usio na ufa? Ule mti unakua kama mgonjwa wa mgongo.

MpingoDamu

Basi ubao wa juu tu, wa freti. Hapo mtanikatalia?

BabaKitanda

Hapo sina neno.

Mnyalukolo_Ipogolo

Kamwene wakuu. Natengeneza na kukarabati magitaa hapa Iringa, mengi ya makanisani, kwa hiyo shingo ya huyu ndugu nimeshaiona mara nyingi, ila inakuja na wenyewe tofauti.

Kwanza Kokoto. Uzi wa saba si mbwembwe za vijana wa muziki wa metali. Warusi wana gitaa lao la nyuzi saba zaidi ya miaka mia mbili. Kule Marekani, George Van Eps alitengenezewa la kwake mwishoni mwa miaka ya 1930, akawa anapiga jazi huku anajiwekea besi mwenyewe kwa uzi wa chini. Hicho ndicho anachokitaka huyu wa Uyole. Haya ya umeme tunayoyaona leo yalianza kuzagaa baada ya kampuni ya Ibanez kutoa gitaa la Universe la mpiga solo Steve Vai mwaka 1990.

Sasa shingo. Nyuzi sita za kawaida zikikazwa sawasawa zinavuta karibu kilo 46. Ya saba inaongeza kama kilo 7. Yaani shingo yako inavutwa na mfuko wa simenti na ushee, usiku na mchana, kwa upande mmoja. Hata huo mninga wa bibi, bila chuma cha kurekebisha ndani, utasalimu amri polepole. Agiza fimbo ya shingo ya njia mbili: ukiizungusha huku inairudisha shingo nyuma, ukiizungusha kule inaiachia mbele. Nyingi zinataka mfereji wa upana wa milimita 6 na kina cha 9, lakini usichonge kabla fimbo haijafika mkononi, maana zinatofautiana. Mfereji ukiwa mpana fimbo inalia ndani kama njuga. Ukichonga mgongo wa shingo ukabakiza chini ya milimita 3 nyuma ya fimbo, ipo siku itachungulia. Usidanganyike kutia kipande cha nondo. Nondo inaongeza uzito, na haina pa kurekebishia.

Kwa vipimo, upana wa shingo pale kwenye nati weka milimita 48. Ubao wa freti milimita 6. Mpingo ukikosekana tumia mbao ya mkongo, ni ngumu ya kutosha. Anayetaka mpingo awaulize wachonga vinyago wa Mwenge, Dar, wana mabaki, ila kipande kirefu bila ufa ni bahati.

Na nati nayoisema si ile ya bolti! Nilimtuma kijana wangu "niletee nati ya gitaa", akarudi na namba kumi na tatu. Hiyo chonga kwa mfupa wa ng'ombe. Omba buchani, uchemshe mafuta yatoke, uanike wiki mbili.

MwalimuHesabu_Njombe

Mdogo wangu, freti zako hazikuharibiwa na futi. Ni namna ulivyopima. Ukipima freti ya pili kutoka ya kwanza, ya tatu kutoka ya pili, kila kosa la nusu milimita linapanda mgongoni mwa lenzake. Ukifika ya 15 umebeba furushi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua urefu wa uzi, gawanya kwa 17.817, hapo ndipo freti ya kwanza. Urefu uliobaki gawanya tena kwa 17.817, toa tena, endelea hivyo. Kwa 686, ya kwanza inaangukia 38.5, ya pili 74.84. Andika orodha nzima kwenye karatasi kwanza, kisha weka rula ya chuma mara moja tu, sifuri kwenye nati, uchore zote bila kuinua rula. Ukitaka kujikagua, ya 12 lazima iwe nusu kamili ya urefu na ya 24 iwe robo tatu. Zikikataa hizo mbili, futa zote.

MpigaRidhimUyole

Mwalimu ubarikiwe, hapo nimeelewa. Baba nitatafuta kitanda. Ila 648 au 686 bado hamjaniamulia.

MpingoDamu

648. Hata hiyo Universe ya Vai ilikuwa 648 na dunia ikacheza.

Mnyalukolo_Ipogolo

Ni kweli ilikuwa 648, na ukitaka kupiga solo za mbio huko juu mimi pia ningekuambia hivyo. Wewe unataka besi. B ya chini inatikisika mara 62 hivi kwa sekunde, wakati E ya kawaida ni 82. Uzi mfupi ukishushwa kiasi hicho unalegea, unagonga freti, na ukiubana kwa nguvu sauti inapanda. Mvuto unakwenda kwa mraba wa urefu, kwa hiyo kutoka 648 kwenda 686 uzi uleule unakaza asilimia 12 zaidi. Utausikia tofauti siku ya kwanza. Hasara yake ni kwamba vidole vitatanuka zaidi kwenye freti tatu za mwanzo. Mpiga ridhim anazoea.

Halafu kuna ujanja ambao sijui kwa nini watu hawausemi. Gitaa la 648 ukiliongezea freti moja mbele ya nati yake, unapata 686.5. Fanya hesabu ya Mwalimu kinyumenyume uone. Maana yake kama gitaa la kwaya ni la 648, umelala na kipimo chako ndani: nati yake inakuwa freti yako ya kwanza, freti yake ya kwanza inakuwa yako ya pili, mpaka mwisho. Mbele ongeza 38.5 uweke nati yako. Bandika karatasi ngumu juu ya ubao wake, papasa kwa penseli, unapata alama zote. Pima kwanza lakini. Toka nati mpaka freti ya 12 iwe 324. Ukikuta 314, hilo ni la skeli fupi, liache.

MwalimuHesabu_Njombe

Nimeifanya. 648 mara 1.05946 ni 686.53. Aisee.

DadaSolda

Nilipoona "pikapu mbili zimefika" nikasema huyu kaka tajiri, kwaya imepata usafiri.

Swali la fundi redio: hizo pikapu ni za nyuzi saba kweli, au umeletewa za sita? Hesabu vichwa vya skrubu juu yake. Ikiwa ya sita, uzi wa kwanza na wa saba utapita nje ya sumaku, na hiyo B yako unayoililia itasikika kama iko chumba cha pili.

MpigaRidhimUyole

Dada… nimehesabu sasa hivi. Moja ina saba. Nyingine ina sita.

Kokoto

😂😂😂 Nimerudi.

DadaSolda

Usilie. Ile ya saba iweke karibu na daraja, ya sita uza. Pikapu moja inatosha, na waya zinapungua. Tafuta poti (vile vifundo vya kuzungusha) mbili za 500K, moja ya sauti, moja ya toni, na kapasita ya mikrofaradi 0.022 kwenye toni. Usikubali poti za redio za 10K, zitakula sauti yote. Tundu la nyaya lipake foili ya shaba pande zote, ziunganishe na ardhi, halafu pitisha waya mmoja chini ya daraja uguse chuma. Watu wengi wanausahau huo, kisha wanalaumu umeme wa kanisani kwa muungurumo.

Mnyalukolo_Ipogolo

Na daraja lenyewe usilitoboe mpaka shingo imekaa mahali pake. Funga nyuzi mbili za cherehani, moja pembeni kabisa huku, nyingine kule, kutoka nati mpaka daraja. Zikikaa sawa na kingo za shingo, ndipo utie alama. Kitandiko cha uzi mwembamba kianze kwenye 686.5, cha B ukiachie nafasi ya kurudi nyuma milimita 5 hivi, maana uzi mnene unataka urefu zaidi ili freti ya 12 isipande sauti.

Uzi wa B agiza peke yake, unene inchi 0.059 au 0.062. Usije ukatoa B ya gitaa la besi, haitapita kwenye funguo.

BabaKitanda

Mitaro ya freti utakata kwa msumeno gani? Wetu wa mbao ni mnene.

Mnyalukolo_Ipogolo

Swali zuri mzee wangu. Wembe wa msumeno wa kukatia chuma. Bati lake ni milimita 0.6 na kidogo, tatizo meno yametanuliwa pembeni. Lilaze kwenye jiwe la kunolea, sugua pande zote mbili taratibu, jaribu kwenye kipande kibovu mpaka freti iingie kwa kugongwa, isiingie kwa kidole.

MpigaRidhimUyole

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Kitanda kilipatikana Igawilo, mama mmoja alikuwa anakitaka kiondoke chumbani. Mninga mwekundu, mzito kiasi, hauna hata tundu la mdudu. Mwalimu wa kwaya alinipa gitaa usiku mmoja kwa sharti nilirudishe kabla ya ibada ya kwanza, nikapima, 324 kamili. Nimekata mitaro 24 kwenye mkongo. Ya 12 imeangukia 343 na robo, ya 24 imeangukia 515 kasoro kidogo sana, Mwalimu useme kama inaruhusiwa.

Vipande vitatu vya shingo nimeviunganisha jana. Klampu tulikuwa nazo mbili tu, mjomba akaenda nyuma ya nyumba akaja na tyubu ya baiskeli, akaikata mikanda, akazungusha shingo yote kuanzia kichwa mpaka mkia, kimya kimya. Ya vitanda hakuyataja.

Fimbo imeshuka Kariakoo, wakala kasema inapanda basi Alhamisi. Ikifika naweka picha.

Mtazamaji_Tukuyu

Chai imeisha, naongeza maji.