Ranchi ya familia Handeni: tuingize damu ya Wagyu au tubaki na Boran wetu?

Mtoto_wa_Josho:
Wakuu habari za saa hizi, wakubwa shikamooni. Mzee wetu ana ranchi Handeni, ng'ombe wengi ni Boran, wale wa nyama wa huku Afrika Mashariki, madume tulichukuaga Kongwa, na zebu wachache. Sasa mdogo wangu wa Dar kaona steki ya Wagyu, wale ng'ombe wa Kijapani wenye mafuta ndani ya nyama, kwenye hoteli moja Masaki, kipande kama kiganja kinauzwa bei ya mbuzi mzima, basi toka siku hiyo halali, anataka tuuze mitamba tuagize dume la Wagyu. Mzee anasema ng'ombe ni ng'ombe, mimi niko katikati. Je huyu mnyama anahimili jua letu na kupe? Na hii ya kumnywesha bia na kumkanda mgongo ni kweli au chai?

FundiMrija:
Mkuu dume sahau. Japani walishafunga mlango wa kuuza nje toka 1997, Wagyu wote unaowasikia Marekani, Australia na Sauzi ni uzao wa waliotoka kabla ya hapo. Na hata ukimpata dume hai umlete Handeni, kupe watamla kabla hajapanda, ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, haimjui mgeni. Nunua mirija ya mbegu za dume zilizogandishwa, pandisha Boran wako, ndama atapata uvumilivu wa mama. Kuhusu kuingiza mbegu za nje anza kwa kuuliza kituo cha uhimilishaji (kupandisha kwa mrija) Usa River pale Arusha na wizarani kuhusu kibali, usipitie kwa mtu wa mtaani anayezunguka na mtungi wa mbegu mgongoni.

Halafu muuzaji akupe karatasi za vipimo vya vinasaba vya hilo dume, usione aibu kudai. Wagyu wana magonjwa yao ya kurithi, Band 3, Chediak-Higashi, Factor 11, Claudin 16. Kwa chotara wa kwanza hutaona kitu maana Boran hana, kasheshe inakuja ukipandisha hao chotara tena na dume mwingine aliyebeba ugonjwa huohuo, ndama anazaliwa kanyong'onyea unabaki kulaumu malisho.

Kingine, Boran joto lake, yaani muda jike anapotaka dume, ni fupi na mara nyingi linakuja usiku, mchungaji asubuhi hana habari. Bila kuwachoma sindano ya homoni waingie joto kwa siku unayotaka utapoteza mirija. Na naitrojeni inayozigandisha ikikauka mtungini mbegu zimekufa hapohapo na kwa macho huwezi kujua, utapandisha mbegu mfu msimu mzima.

Akaushi_TX:
Niko Texas nafanya kazi kwenye ranchi ya familia, wenyewe wanafuga Wagyu wale wekundu, Akaushi, walioingia Marekani 1994. Wafugaji wa huku wanawasifia kwa jua kuliko weusi, ila weusi ndo wenye mafuta mengi zaidi ndani ya nyama. Bia na kukanda mgongo ni stori za watalii kaka, labda machicha ya bia, hayo ng'ombe wengi tu wanakula.

Siri yenyewe ni muda. Japani wanamchinja akiwa na miezi 28 mpaka 30 hivi, na sehemu kubwa ya hiyo anakula nafaka zizini. Hapa kwetu ng'ombe wa kawaida anakaa kwenye kunenepeshwa miezi mitano sita, chotara wa Wagyu tunamwacha zaidi ya mwaka na haharakishwi, ukimpa pumba nyingi kwa pupa anapata asidi tumboni anavimba. Kwa hiyo piga hesabu ya mashudu, pumba na molasi kwanza, bei ya mrija ndo kitu kidogo kuliko vyote. Faida nyingine ndama wao ni wadogo, mtamba anazaa bila kuvutwa. Mdogo wako pia ajue chotara wa kwanza ni nusu tu, kwa vitabu vya usajili vya Marekani mpaka damu ya Wagyu ifike 15 kwa 16 ndo anaitwa purebred, uzao safi, hiyo ni vizazi vinne.

MamaBucha_Kino:
Nyie mnaongea ng'ombe, mimi naongea nyama. Nani atanunua paja na shingo? Fileti, sarloini na ribai ni sehemu ndogo ya ng'ombe, hizo hoteli itachukua, iliyobaki inakuja kwangu kwenye bei ya mchanganyiko, na mteja wangu akiona nyama ina madoa meupe ananiambia mama hii mafuta matupu nipimie nyingine. Halafu kwetu ng'ombe anachinjwa usiku saa kumi na mbili iko buchani bado inacheza. Hiyo ya hoteli inatakiwa ining'inie kwenye baridi siku kadhaa, una chumba cha baridi? Huna. Tafuta mpishi atakayechukua robo nzima ya ng'ombe, nyingine asage ya baga, akikubali kwa maandishi ndo upandishe.

Mtoto_wa_Josho:
Dah. Mdogo wangu kasoma uzi mzima kanuna. Tukijaribu kwa majike wachache tu, mitamba mizuri ya Boran tusiuze?

FundiMrija:
Hapo sasa. Chagua majike yaliyozaa tayari, yenye mwili mzuri, siyo yale yanayotoka kwenye kiangazi mbavu zinahesabika. Josho kila wiki usiruke, ndama wakifika umri wapate chanjo ya ndigana. Madume waliozaliwa wahasi, watenge, walishe mpaka mwisho, mchinje mmoja mkaangie mzee kwanza.

MamaBucha_Kino:
Na shingo mniletee mimi, kwa bei ya mchanganyiko.