Barua pepe zangu za kahawa hazifunguliwi: je, tatizo ni kichwa cha barua?

Muuza Kahawa, Mbeya

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninauza kahawa ya Mbozi iliyokaangwa na kusagwa, pamoja na mchele wa Kyela kila unapopatikana, na ghala langu dogo liko karibu na soko la Mwanjelwa. Wateja wangu wengi wako Dar es Salaam na Dodoma, na kwa kuwa waliacha anwani zao walipoagiza mara ya kwanza kwenye tovuti yangu, huwatumia barua pepe mara mbili kwa mwezi. Tatizo ni kwamba barua hizo hazifunguliwi. Nilimpigia simu mteja mmoja wa miaka mitatu, naye akaniambia bila kuficha kwamba anaziona zikiingia, lakini anazipita kwa sababu zote zinafanana.

Nimepitia nilizotuma tangu mwaka uanze na nimeona anachokisema. Moja ina kichwa "OFA KABAMBE!!! USIPITWE", nyingine "Tunapenda kukutaarifu mteja wetu mpendwa kuhusu bidhaa zetu", na ya tatu "Habari njema kutoka Mbeya". Naomba wenye uzoefu mnieleze jinsi ya kuandika kichwa kinachomfanya mtu afungue barua, bila kumdanganya na bila kumpigia kelele.

Karani Mstaafu, Tukuyu

Ndugu yangu wa kahawa, mimi si mfanyabiashara, ila nilichapa barua za ofisi kwa miaka mingi. Kila barua ilikuwa na mstari wake wa YAH chini ya salamu, na mkuu wetu alikuwa akiirudisha barua yoyote iliyoandikwa "YAH: TAARIFA", akiuliza kwa kalamu nyekundu: taarifa ya nini? Mtu wa masjala hakuwa na muda wa kusoma barua nzima; aliutazama mstari ule akajua jalada la kuiweka. Mteja wako naye ana masjala yake kwenye simu, na "Habari njema kutoka Mbeya" haina jalada, kwa hiyo inaishia kwenye kapu.

Sasa tazama kile cha pili. Nimehesabu herufi za "Tunapenda kukutaarifu mteja wetu mpendwa" nikapata 40 pamoja na nafasi, na hadi hapo hujataja kitu chochote unachouza. Simu nyingi huonyesha herufi 30 hadi 40 hivi za kichwa, kisha hukata. Maana yake ni kwamba mteja wako aliona heshima tupu, tena heshima aliyokwisha kuizoea kwenye matangazo ya kila mtu. Linganisha na "Mchele wa Kyela umefika, kilo 5 na 10", ambacho kina herufi 37 na kimemaliza habari yote. Kiswahili chetu kina vitenzi virefu, kwa hiyo anza na jina la kitu, kitenzi kifuate, na salamu ziache zikae ndani ya barua, mahali ambapo kwa kweli zinatakiwa.

Dada wa Vikapu, Iringa

Shikamoo mzee wetu wa Tukuyu. Ninakubaliana nawe kabisa kuhusu jina la kitu kutangulia, nami nitaongeza kwamba hata jina lenyewe lina ngazi zake. Ninauza vikapu vya milulu, na nilipokuwa nikiandika "Bidhaa mpya za asili zimewasili" sikupata hata swali moja. Siku niliyoandika "Vikapu vya milulu vyenye mfuniko, 12 tu", watu watatu walinijibu kabla ya saa sita mchana. Kumi na viwili vilikuwa kumi na viwili kweli. Ukiandika "vimebaki vichache" kila mwezi, mteja atagundua kwamba uchache wako hauishi, na hapo umejiharibia.

Kuna mambo mawili niliyojifunza kwa hasara. La kwanza ni kuweka jina la mteja kwenye kichwa. Nilishauriwa kwamba jina huvuta, nikaiweka programu ilijaze yenyewe. Wale ambao hawakuandika majina yao walipata "Habari , tumekukumbuka", na mmoja aliyekuwa ameandika jina la ukoo kwa herufi kubwa alipata barua inayomwita kama anavyoitwa polisi. Kama orodha yako haijasafishwa, achana na majina. La pili ni ule ujanja wa kuanza kichwa na "Re:" ili mtu adhani mlikuwa mkizungumza. Sikuufanya mimi, nilitumiwa, na mtu yule nilimfuta siku hiyo hiyo. Na kama unao wateja wa nje ya nchi, ujue pia kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iitwayo CAN-SPAM inakataza barua za biashara kuwa na kichwa kinachopotosha kuhusu kilichomo ndani.

Fundi wa Tovuti, Njombe

Waliotangulia wamesema mengi ya maana, ila kabla hujabadilisha kichwa hakikisha kwanza kwamba barua zinafika. Ingia kwenye mipangilio ya jina la tovuti yako, au umwombe anayekuhifadhia tovuti, aweke uthibitisho wa SPF na DKIM, unaoiwezesha Gmail kujua kwamba barua inatoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Google inadai angalau mmoja kati ya uthibitisho huo miwili kwa kila anayetuma kwenda Gmail, na masharti ni makali zaidi kwa wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku. Wewe hujafika huko, lakini ukiandika herufi kubwa tupu na alama tatu za mshangao kwenye barua isiyo na uthibitisho, unajipeleka mwenyewe kwenye barua taka. Weka pia kiungo cha kujiondoa kinachoonekana, maana asiyekipata ataibonyeza alama ya taka, na hilo linaumiza barua zako zote.

Pili, chunga unavyopima. Tangu mwaka 2021 simu za Apple zinaweza kupakua picha za barua kabla mwenyewe hajaifungua, kwa hiyo hesabu ya "zimefunguliwa" inaweza kuvimba bila mtu kusoma chochote. Hesabu majibu na oda. Unaweza kugawa orodha nusu kwa nusu na kutuma vichwa viwili tofauti, lakini kwa orodha ndogo tofauti ya oda mbili tatu inaweza kuwa bahati tu. Rudia mara kadhaa kabla ya kuamini.

Tatu, na hili husahaulika, kichwa hakisomwi peke yake. Juu yake kuna jina la mtumaji, na baada yake huonekana maneno ya mwanzo ya barua yenyewe. Kama jina la mtumaji ni "info" na maneno ya mwanzo ni "Kama huoni picha bonyeza hapa", kichwa kizuri kiasi gani kitakuokoa?

Muuza Kahawa, Mbeya

Nawashukuru sana, na nimecheka kwa uchungu, kwa sababu jina langu la mtumaji ni hilo hilo "info". Nimelibadilisha kuwa jina la duka. Jana nimeandika vichwa vitatu vya mwezi ujao: "Kahawa ya Mbozi iliyokaangwa Jumanne", "Mwisho wa oda: Alhamisi saa 10 jioni", kwa kuwa mzigo wa Dar es Salaam hupanda basi Ijumaa alfajiri, na "Mzigo wako umeondoka Mbeya leo", ambacho kitakwenda kwa walioagiza tu. Kimoja kinanitatiza. Tangu mwaka 2016 Mbozi iko mkoa wa Songwe, lakini wateja wangu wengi bado wanasema "kahawa ya Mbeya". Je, niandike neno lao au neno sahihi?

Karani Mstaafu, Tukuyu

Andika Mbozi, ndilo lililo kwenye pakiti yako, na mtu akifungua akute jina lile lile. Mbeya itaonekana kwenye jina la duka. Ila kile cha Alhamisi kirekebishe, maana hakisemi ni oda ya nini: "Oda ya kahawa: mwisho Alhamisi saa 10".