Naombeni ushauri: binti wa marehemu dada yangu ametoka msituni, anaambiwa hahesabiki kwa kuwa hakuwa na bunduki

Mama Mlezi
Habari zenu wanajamvi. Binti wa marehemu dada yangu alichukuliwa na kundi la waasi akiwa darasa la tano. Amerudi juzijuzi, sasa ana miaka 15. Kule alikuwa anapika, anabeba mizigo wakihama, na kutumwa sokoni kuchungulia kama kuna wanajeshi. Bunduki hakupewa.

Kuna mpango wa kuwapokea wanaotoka msituni, nikampeleka. Foleni nzima ni vijana wa kiume. Karani akamuuliza silaha iko wapi. Hana. Tukaambiwa mpango ni wa wapiganaji, turudi nyumbani tuendelee na maisha.

Maisha gani? Anaamka kabla ya alfajiri, anabandika sufuria kubwa kuliko zote na kupika chakula cha kikosi kizima wakati sisi tuko watano. Haketi mpaka aambiwe keti. Akitaka kwenda chooni anaomba ruhusa. Mtaani wameshampa jina, "mke wa muasi", na kaka yangu mkubwa anataka nimtafutie mume haraka kabla hajatuletea aibu. Shule anaitamani, ila kukaa na watoto wadogo hataki. Nifanyeje? Wenye matusi mpite tu.

Kikombe Cha Pili
Pole sana dada. Karudi hai, tushukuru. Huyo kaka mkubwa mzuie kwa nguvu zote. Mtoto katoka kwenye amri za wanaume wenye bunduki, mnataka kumkabidhi kwa mwingine?

Wakili Bila Joho
Karani amekosea, na kosa hilo si geni. Sierra Leone vita vilipoisha mwaka 2002, wasichana wengi waliachwa nje ya mpango kwa swali hilohilo la silaha. Ndiyo maana Kanuni za Paris za mwaka 2007, mwongozo wa kimataifa kuhusu watoto waliotumiwa na majeshi na makundi yenye silaha, zinataja wazi: mtoto yeyote chini ya miaka 18 aliyetumiwa na jeshi au kundi lenye silaha kwa kazi yoyote ile, awe mpishi, mpagazi, mjumbe au mpelelezi, anahesabika. Kukabidhi silaha si sharti. Hata kusubiri mkataba wa amani si sharti. Rudi pale, ila usibishane na karani. Omba kuonana na afisa anayeshughulikia watoto. Kama hayupo, nenda ustawi wa jamii au UNICEF kama wapo karibu, na ueleze kazi alizokuwa anafanya.

Ngumi Jiwe
Nitaonekana mbaya, sawa. Mimi nimezika ndugu. Huyo aliyetumwa sokoni kuchungulia, taarifa zake zilikwenda wapi? Leo tumnunulie sare za shule?

Wakili Bila Joho
Ngumi, pole kwa msiba, na sikukejeli. Lakini aliyemtuma ndiye wa kudaiwa. Kuandikisha watoto chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita. Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Kongo, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) mwaka 2012 kwa hilo, akafungwa miaka 14, na majaji walisema si lazima mtoto awe mstari wa mbele. Kazi ya pembeni inayomweka kwenye hatari ya kushambuliwa nayo inatosha. Mahakama hiyo haimshitaki mtu kwa alichofanya akiwa chini ya miaka 18. Dominic Ongwen alitekwa na LRA, waasi wa Uganda, akielekea shule, akakua humo hadi kuwa kamanda. Alihukumiwa miaka 25 mwaka 2021 kwa aliyoyafanya akiwa mtu mzima, na majaji bado walizingatia kuwa alitekwa mtoto.

Ngumi Jiwe
Hilo la Ongwen kutekwa sikulijua. Hasira bado ninayo.

Bibi wa Kituo
Mwanangu Mama Mlezi, nimefanya kazi kituo cha mpito, kile wanakokaa kwa muda watoto waliotoka msituni kabla ya kurudi kwao, nakujibu kwa nilichokiona.

Sufuria usimnyang'anye. Kupika ndiko kulikomweka hai, ukimfukuza jikoni ataona hana kazi, na kule asiye na kazi alijua kinachompata. Pika naye. Mkabidhi sufuria ndogo, mwambie leo tunakula watano, mwache apime mwenyewe. Ruhusa ya choo itaisha yenyewe, usimcheke wala usimkaripie.

Usimhoji. Ndugu wanapenda sana kuuliza "walikufanya nini", nusu huruma nusu umbea. Mpeleke kliniki aonwe na muuguzi wa kike, wewe kaa nje kama atataka hivyo. Akiamua kusema, atasema siku mnapepeta mchele.

Shule ulizia masomo ya kufidia, ambako mtaala wa miaka miwili husomwa kwa mmoja. Humo atakuta wakubwa wenzake. Mwalimu mkuu ajue, darasa zima lisijue.

Na akija mtu na kamera, hata kama ana kitambulisho na maneno matamu, jibu ni hapana. Picha haifutiki, na lile kundi nalo lina simu.

Kikombe Cha Pili
Bibi hapo kwenye kamera umegusa penyewe.

Mama Mlezi
Asanteni sana, hata wewe Ngumi. Keshokutwa narudi pale. Kaka anataka kutusindikiza, anasema mwanaume ndiye atasikilizwa. Niende naye?

Bibi wa Kituo
Hapana. Nenda na mwanamke mwenzako. Na binti mwambie leo, si asubuhi ya safari: mnakwenda wapi, mtaonana na nani, na mnarudi saa ngapi. Akisema haendi, nenda peke yako ukaulizie kwanza.